Dawa imuue kimelea, urumba abaki: niliyoyaona maabara

Kumuua siliata, kiumbe wa seli moja, ndani ya kisahani cha plastiki si kazi. Tia formalini, tia shaba, tia klorini, na baada ya muda mfupi hakuna kinachoogelea. Kazi iko kwenye sharti la pili, kwamba urumba naye abaki hai. Nimekuwa kwenye kikundi kilichopima dawa za kutibu urumba walioshambuliwa na vimelea, na haya nawaandikia wanaokaribia kuanza kazi ya namna hii, wawe wanafunzi, mafundi wa matangi au wafugaji wa viumbe wa baharini. Miongozo ya maabara itawafundisha kupima dozi. Namna dozi hiyo inavyoweza kuwadanganya, hilo mtalikuta mkiwa mmeshatumia pesa.

Kwanza niweke msingi. Urumba ni yule mnyama wa mviringo aliyejaa miiba, ambaye wengi humjua siku wanapomkanyaga. Wale wenye miiba mirefu myeusi, wa jenasi ya Diadema, hula mwani unaoota kwenye miamba ya matumbawe. Wakitoweka, mwani hutawala. Hilo limeshatokea. Januari 1983 urumba wa aina ya Diadema antillarum walianza kufa karibu na mlango wa Mfereji wa Panama upande wa Karibi. Kufikia mwanzoni mwa 1984 vifo vilikuwa vimezunguka karibu Karibi yote, na sehemu nyingi zilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya urumba wao. Chanzo hakikuthibitishwa.

Mwaka 2022 vifo vikarudi. Safari hii watafiti wakiongozwa na Ian Hewson wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka uliofuata kwamba mhusika ni siliata, kiumbe wa seli moja anayeogelea kwa vinyweleo, ndugu wa karibu wa Philaster apodigitiformis. Walimkuta kwa urumba wagonjwa, wakamwotesha maabara, wakamtia kwenye maji ya urumba wazima, nao wakaugua na wengi wakafa. Baadaye siliata wa kundi hilo akahusishwa na vifo vya Diadema setosum na jamaa zake katika Mediterania, Bahari ya Shamu na kisiwa cha Réunion. Wanaofanya kazi kwenye bahari za baridi wanamjua adui mwingine, amiba Paramoeba invadens, aliyewaua kwa wingi urumba wa kijani wa pwani ya Nova Scotia, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyo hutegemea joto la maji. Maji yakipoa, ugonjwa nao hupoa.

Sasa, dawa ni ya nani? Swali hili lilipaswa kuulizwa kabla ya kununua hata gramu moja ya kemikali. Hakuna atakayetibu bahari. Kumwaga dawa kwenye mwamba ni kuua kila kitu kilicho hai pale, na mkondo wa kwanza ukipita dawa yenyewe haipo. Wanaohitaji tiba ni wale wanaofuga urumba kwenye matangi ili kuwarudisha baharini, kama wanavyofanya watu wa Florida na Puerto Rico. Mfugaji ana urumba wazazi wachache alioteseka kuwapata, na tangi moja likiambukizwa anaweza kupoteza mbegu yote. Ukishamjua mtumiaji wako, mambo mengi hujipanga: dawa lazima ipatikane, iwe salama kwa anayeimimina, isiharibu chujio la tangi, na isiwaachie urumba madhara yatakayojitokeza watakapotaga. Sisi tulikuwa na orodha ndefu ya kemikali. Laiti tungeanza na masharti haya, nusu yake ingefutwa mezani, bila kugusa pipeti.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujiridhisha kwamba mgonjwa wetu anaumwa kile tunachodhani. Urumba hana njia nyingi za kuonyesha kwamba ni mgonjwa. Miiba inalala, miguu ya mirija inaachia ukuta wa tangi, halafu miiba inadondoka na ngozi inabaki na mabaka. Dalili hizo hizo utaziona kwa urumba aliyeshambuliwa na bakteria, aliyekaa kwenye maji yenye amonia, au aliyesafirishwa vibaya. Kwa hiyo usianze kutibu kwa kuangalia miiba. Chukua majimaji kutoka ndani ya mwili na kipande cha ngozi kwenye shina la mwiba, weka chini ya hadubini papo hapo, kisha hifadhi sehemu ya sampuli kwa ajili ya kipimo cha vinasaba. Papo hapo namaanisha papo hapo. Urumba aliyekufa usiku kucha huvamiwa na kila aina ya siliata walao mizoga, na asubuhi utawakuta wamejaa, wanaogelea kwa furaha, ukadhani umempata muuaji. Tuliwahi kuotesha mmoja wa hao kwa bidii kubwa kabla ya kipimo cha vinasaba kutuambia kwamba ni mpita njia.

Kumtenga kimelea mmoja kutoka kwenye mchanganyiko kunahitaji subira zaidi ya ujuzi. Unapunguza sampuli kwa maji ya bahari yaliyochujwa na kuchemshwa, tena na tena, mpaka kila kisima (kishimo kidogo) cha sahani kiwe na seli moja au kisiwe na kitu. Vingi vinakufa. Kile kinachoishi, unakilisha. Siliata wa aina hii hula bakteria, basi unatia punje ya mchele au chachu kidogo, bakteria wanazaliana, siliata wanakula, kila mmoja anashiba. Ukipata kundi linalokua vizuri, usilikalie furaha. Gawanya siku hiyo hiyo kwenye chupa kadhaa, uziweke kwenye vyumba tofauti vya joto. Mashine ya kuhifadhi joto ikizimika usiku ndipo utakapojua thamani ya chupa ya akiba.

Ni hapa, kwenye bakteria hao wa chakula, ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, na nataka nikae kidogo.

Tulipojaribu antibiotiki ya kawaida, siliata walipungua siku ya pili, siku ya tatu wakawa wachache kabisa. Maabara ilichangamka. Dawa ya bei nafuu, inayojulikana, inayopatikana! Mwenzetu mmoja mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha vyombo na kutunza matangi, alitazama sahani akauliza: "Hao wamekufa kwa dawa, au wamekufa kwa njaa?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukarudia jaribio, na safari hii kwenye baadhi ya visima tuliongeza bakteria waliouawa kwa joto ili siliata wapate chakula ambacho dawa haiwezi kukipunguza. Siliata hao waliendelea kuongezeka kana kwamba hakuna kilichotiwa. Dawa ilikuwa imechoma ghala, nasi tukajisifu kwamba tumeua panya.

Ushauri wangu kwa hili ni wa wazi. Kila dawa yenye uwezo wowote wa kuua bakteria ipimwe kwa namna mbili, kwenye kundi lenye chakula hai na kundi lenye chakula kilichouawa. Ukiweza kumwotesha kimelea bila bakteria kabisa, vizuri zaidi, ingawa si kila siliata atakubali. Hesabu pia bakteria mwanzo na mwisho wa jaribio. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna atakayekupongeza kwa jedwali la bakteria, lakini bila hilo matokeo yako hayana miguu.

Kiyeyusho nacho kina ujanja wake. Dawa nyingi hazikubali kuyeyuka kwenye maji ya bahari, basi watu huziyeyusha kwanza kwa DMSO (kiyeyusho cha maabara) au ethanoli (pombe). Ethanoli ni chakula kizuri kwa bakteria wengi. Ukiitia kidogo, bakteria wanastawi na siliata wanastawi nao, na dawa dhaifu itaonekana kama mbolea. DMSO ikizidi inaua yenyewe. Lazima pawepo kundi la ulinganisho lenye kiyeyusho kile kile kwa kiasi kile kile, mbali na kundi lisilotiwa kitu. Nimesoma ripoti zenye kundi moja tu la ulinganisho, na sikujua nizielewe vipi.

Halafu kuna maji ya bahari yenyewe. Mtu aliyefundishwa kupima dawa hospitalini atashangaa hapa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400 za kalisi na 1,300 za magnesi, na dawa za jamii ya tetrasiklini, doksisiklini ikiwemo, hushikana na madini hayo na kupoteza nguvu. Ulichopima kwenye mizani si kile kinachomfikia kimelea. Shaba hunasa kwenye kaboneti na uchafu wa majini. Hidrojeni peroksaidi huvunjika kuwa maji na oksijeni, na kadiri tangi linavyokuwa na uchafu ndivyo inavyovunjika haraka. Metronidazoli, ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo huikimbilia, huamka ndani ya seli zinazoishi pasipo na oksijeni ya kutosha. Siliata wetu aliishi kwenye maji yenye hewa tele, na dawa hiyo haikumsumbua. Tulikuwa tumeipa nafasi kubwa kwenye sahani zetu kwa sababu tu jina lake linajulikana. Siku hizi, kabla ya kuipima dawa, nauliza inafanya kazi kwa njia gani, na kama njia hiyo ipo kwa kiumbe ninayemlenga. Pili, napima kiasi cha dawa kilichobaki majini baada ya saa kadhaa, angalau kwa zile zenye vijikaratasi vya kupimia. Kwa peroksaidi vipo na ni rahisi.

Kuhusu sahani zenye visima 96 nitapita haraka. Visima vya pembezoni hukauka kwanza, chumvi inapanda, na siliata wanakufa kwa chumvi; vijaze maji matupu na usivitumie kwa jaribio. Changanya mpangilio wa dozi, usizipange kwa safu kutoka ndogo hadi kubwa, maana jicho linajifunza na kuanza kuona kile linachotarajia. Anayehesabu asijue kisima kipi kina nini. Siliata wanaokimbia hawahesabiki kwa macho, basi chukua sehemu ndogo, waue kwa iodini ya Lugol, uhesabu kwenye kioo cha kuhesabia seli.

Swali la uhai na kifo lilitusumbua zaidi. Kigezo chetu cha awali kilikuwa mwendo: anayeogelea yu hai, asiyeogelea amekufa. Kuna dawa moja iliyowasimamisha wote ndani ya saa chache. Visima vilitulia kabisa. Tukaviacha mezani wakati wa mapumziko bila sababu maalumu, na tuliporudi baadhi yao walikuwa wanazunguka tena, polepole. Walikuwa wamelegea tu. Tangu hapo hatukuandika neno "amekufa" kabla ya kuwahamisha. Unawaosha kwa maji safi yasiyo na dawa, unawaweka kwenye chakula kipya, unasubiri siku kadhaa. Wakiongezeka tena, dawa yako ni ya usingizi. Jaribio hili la kufufuka linaongeza wiki nzima kwenye kila mzunguko wa kazi, na viongozi wa miradi hawalipendi. Lipiganie. Mfugaji akitumia dawa ya usingizi, atabadilisha maji akiamini amemaliza, na kimelea ataamka ndani ya maji safi aliyomwandalia.

Sasa tufike kwa urumba, mahali ambapo kwa maoni yangu kazi yote ingeanzia.

Samaki ana magamba, ute, na figo za kumsaidia kusawazisha chumvi. Urumba hana ulinzi huo. Chumvi ya majimaji ya mwilini mwake hufuata ile ya bahari, na huingiza maji kupitia kibamba chenye matundu kilicho juu ya mwili ili kuendesha miguu yake ya mirija, miguu ambayo pia humsaidia kupumua. Kilichoyeyuka kwenye maji kina njia ya kumfikia. Hii ndiyo sababu tiba nyingi za samaki hazimfai. Samoni mwenye amiba wa matamvua, Paramoeba perurans, huogeshwa kwa maji matamu na hupona. Urumba ukimwogesha hivyo umemwua. Shaba, ambayo kwa samaki hutumika kwa takriban miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, huharibu viinitete vya urumba kwa mikrogramu makumi tu kwa lita. Maabara nyingi za mazingira hutumia mayai na viinitete vya urumba kupima sumu ya maji, kwa sababu wanyama hawa huonyesha madhara mapema. Sisi tukachukua mnyama ambaye wenzetu humtumia kugundua sumu, tukaanza kumwogesha ndani ya sumu tukitumaini atavumilia.

Ningeanza upya leo, ningepima kwanza dozi ambayo urumba mzima, asiye mgonjwa, anaivumilia, kisha niulize ni dawa zipi humwua kimelea chini ya dozi hiyo. Tulifanya kinyume, na dawa zetu bora za kwenye sahani zilianguka zote kwa pamoja wiki moja tulipozipeleka kwenye matangi. Ilikuwa wiki mbaya. Urumba walilala miiba, wakaachia kuta, na asubuhi tulikuta sakafu ya tangi imejaa miiba iliyodondoka. Miezi ya kazi ya sahani ilikwisha hivyo. Mmoja wetu, mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka, alitoka nje na hakurudi mpaka mchana. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Kupima uvumilivu wa urumba hakuhitaji mashine. Mgeuze kichwa chini juu ya sakafu ya tangi na upime muda anaouchukua kujigeuza. Urumba mzima hujigeuza. Mgonjwa au aliyelewa dawa huchelewa au hushindwa kabisa. Kwa Diadema kuna kipimo kingine kizuri: pitisha mkono juu ya tangi ili kivuli kimwangukie, na miiba ya aliye mzima itaelekea upande wa kivuli hicho. Mguse mguu wa mrija kwa kijiti uone kama unajikunja. Andika vipimo hivi kila siku kabla ya dawa, wakati wa dawa na baada yake. Vipimo vya kabla ya dawa ndivyo watu wanavyovisahau, kisha wanakosa cha kulinganisha.

Jambo jingine lililotuchanganya ni maji kugeuka meupe saa chache baada ya kutia dawa. Kuna aliyedhani dawa imeganda. Zilikuwa mbegu: urumba akibughudhiwa anaweza kumwaga mayai na manii papo hapo. Mbegu hizo zikioza, maji yanaharibika, na kinachofuata unaweza kukihesabu kama madhara ya dawa. Vivyo hivyo amonia. Chujio la tangi linaendeshwa na bakteria wanaogeuza amonia, na dawa kadhaa tulizojaribu zingeweza kuwaua hao kabla ya kumgusa kimelea. Kundi letu moja la urumba lilikufa siku ya nne ya tiba. Kumbukumbu za maji zilionyesha amonia imepanda tangu siku ya pili. Je, waliuawa na dawa? Sijui la kuandika zaidi ya kwamba jaribio lile lilitupwa. Baada ya hapo tiba zote zilifanyika kwenye matangi ya pembeni yasiyo na chujio, maji yakibadilishwa yote kila siku na dawa kutiwa upya. Gharama ya maji ya bahari ilipanda kuliko gharama ya dawa zenyewe, na hilo halikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Liweke kwenye yako.

Tangi moja lenye urumba kumi si marudio kumi ya jaribio. Wanakunywa maji yale yale, wanaambukizana wao kwa wao. Mmoja akifa anawachafulia wengine. Tangi zima ni marudio moja. Ukikubali hili, utalazimika kutumia vyombo vingi vidogo, kila kimoja na urumba wake, wavu wake na mrija wake wa hewa. Wavu ulioshirikiwa kati ya matangi mawili umeshafuta maana ya kuyatenganisha.

Na wakati wa kutia dawa? Majaribio mengi, yetu ya awali yakiwemo, hutia kimelea na dawa siku moja. Hiyo ni kinga, na kinga ina nafasi yake, kwa mfano urumba wapya wanapowekwa karantini. Lakini mfugaji anayetupigia simu tayari ameona miiba imelala, na kufikia hapo kimelea yuko ndani ya ngozi na majimaji ya mwili, na kifo kinaweza kuwa siku mbili tatu mbele. Pima hali zote mbili: dawa kabla ya dalili, na dawa baada ya dalili ya kwanza. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi cha kutuvunja moyo. Dawa iliyozuia ugonjwa vizuri haikumrudisha aliyekwisha kuugua. Tukajaribu kuchanganya dawa kwenye chakula cha jeli, jambo lililoonekana la busara hadi tulipokumbuka kwamba urumba mgonjwa huacha kula. Sindano kupitia ngozi laini inayozunguka mdomo inawezekana, na ndiyo njia ile ile wanayotumia wazalishaji kudunga kloridi ya potasi ili urumba watage, lakini kumdunga mnyama dhaifu kuna hatari zake. Njia hii naiona inafaa kwa wazazi wachache wa thamani, si kwa kundi.

Ukitaka kusema kwamba urumba amepona, usitegemee kipimo cha vinasaba peke yake. Vinasaba vya kimelea aliyekufa hubaki mwilini kwa muda, na utapata jibu la "yupo" kwa mnyama mzima. Chukua sampuli uioteshe kama ulivyofanya mwanzo. Kisichoota kwenye chakula kizuri, na vinasaba vyake vikazidi kupungua kila unapopima, hapo unaweza kuanza kusema. Muweke pia aliyepona pamoja na urumba mzima asiyewahi kuugua. Huyo mzima ndiye shahidi wako.

Kuna pia suala la kimelea kuzoea maisha ya chupa. Amiba wa samoni niliyemtaja aliwahi kuoteshwa maabara kwa miaka 3 na akapoteza uwezo wa kuambukiza samaki. Ikiwa siliata wako amekaa kwenye mchele kwa muda mrefu, urumba watapona hata ukiwatia maji ya kawaida, na dawa yoyote itashinda. Gandisha akiba ya mapema kwenye naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, na kila baada ya muda mpitishe kimelea kwa urumba hai, umtenge tena. Kila jaribio la tiba liwe na kundi lililoambukizwa na kuachwa bila dawa. Hao wasipougua, simamisha kila kitu.

Kundi hilo la wasiotibiwa lilikuwa gumu kwangu kuliko hesabu zote. Unawatia ugonjwa kwa mkono wako, unawatazama wakiachia ukuta, na dawa iko kwenye jokofu nyuma yako. Sheria za nchi nyingi kuhusu wanyama wa majaribio haziwataji urumba kabisa, hivyo hakuna kamati iliyotubana. Tulijiwekea wenyewe kiwango: mnyama asiyeweza kujigeuza wala kujishika tena anaondolewa na kuuawa haraka, haachwi afe polepole ili tu tupate saa kamili ya kifo. Takwimu zilipungua utamu kidogo. Naona ni bei ya haki.

Maji yote yaliyotoka kwenye matangi hayo, pamoja na ya kuoshea mikono na nyavu, yalikwenda kwenye pipa lenye klorini, yakakaa humo usiku mzima, kisha klorini ikazimwa kwa thiosalfeti ya sodiamu kabla ya kumwagwa. Maabara iliyo karibu na bahari yenye urumba wazima haina ruhusa ya kuwa na bomba linalovuja. Dawa ambazo klorini haizivunji zilikusanywa kando na kupelekwa kuchomwa pamoja na taka za kemikali.

Orodha yetu ndefu sasa ina majina mawili, na yote mawili yako kwenye hatua ya kupimwa kwa urumba wachanga, ambao huvumilia kidogo kuliko wakubwa. Sitayataja hapa. Nimeshaona jina la dawa likisafiri haraka kuliko dozi yake, na mfugaji akiwa na tangi linalokufa hatasubiri kusoma dozi.